Miaka Thelathini na Mitano ya Fundi Mkadam Jaku na Kuta za Unguja

Tarehe 30 Juni 1972 Fundi Mkadam Jaku atafunga kabati lake katika karakana yetu ya rangi kwa mara ya mwisho, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitano na miezi miwili. Nimeombwa kuandika wasifu huu mimi kwa kuwa nimekaa naye chumba kimoja tangu mwaka 1951, yeye akipaka picha na mimi nikiandika herufi. Walioniomba hawakujua kwamba katika kisa kikubwa kuliko vyote vya utumishi wake, nusu ya kosa ni langu. Watakijua wakisoma.

Fundi Mkadam ni mzaliwa wa Mkokotoni. Aliajiriwa Aprili 1937 kupaka chokaa, na kwa miaka ishirini na saba alipaka alichoamriwa: milango, madirisha, namba za magari, mapipa ya maji. Mwaka 1948 alitumwa kuandika namba kwenye pipa la karakana ya magari, naye akaongeza samaki mdogo kando ya namba. Akaitwa ofisini, akaamriwa amfute, akamfuta. Wiki ya pili madereva wakapeleka malalamiko, akaitwa tena amrudishe. Samaki aliyerudi alikuwa mnene kuliko wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 kazi iligeuka. Mitaa na vijiji vilianza kuwa na majengo yao, na kila jengo jipya lilikuja na ukuta mweupe uliokuwa ukimwasha Fundi mikono. Mwaka 1965 kamati ya Kikwajuni iliomba ukuta wa ukumbi wao upakwe picha ya maisha ya mtaa. Hapo ndipo Fundi alipoanza utaratibu wake wa siku saba. Alichora picha nzima kwa makaa, kisha akakaa kwenye baraza ya nyumba iliyoelekea ukuta, siku saba, akinywa kahawa. Kila apitaye alikuwa na haki ya kusahihisha. Brashi haikuguswa mpaka siku ya nane.

Masahihisho hayakukosekana. Mzee mmoja wa msikiti alisema kuweka sura za watu ukutani hakumpendezi. Fundi hakubishana naye. Alifuta nyuso zote, akawageuza watu wake wakaonesha migongo, na tangu siku ile watu wa Fundi Mkadam hawana nyuso. Ajabu ni kwamba hakuna aliyepotea. Bi Tabia, muuza maandazi wa mtaa ule, alimtambua mumewe Abdulla kwa bega lililoinama upande, akacheka mpaka akakaa chini. Abdulla alikana wiki nzima kuwa yule ni yeye, huku akipita kila alasiri kujitazama.

Kati ya mwaka ule na mwaka jana Fundi amepaka kuta kumi na moja za namna hiyo, kuanzia Kikwajuni mpaka Paje. Sisemi zote ni nzuri sawasawa. Ana mkono mzito wa buluu, na nimemwambia hivyo kwa miaka ishirini bila faida yoyote. Lakini hakuna ukuta wake hata mmoja ambao watu wanaupita bila kuutazama, na hilo siwezi kulisema kuhusu herufi zangu.

Sasa nije Uroa, maana bila Uroa wasifu huu ni wa uongo.

Mwanzoni mwa mwaka 1969 tulitumwa kupaka jengo la ushirika wa kamba wa wanawake wa kule. Asiyejua ajue kwamba wanawake wa Uroa hufukia makumbi ya nazi katika mashimo pwani wakati maji yametoka, wakayaacha miezi mpaka yakalainika. Kisha huyafukua, wakayapiga, wakasokota kamba. Kila shimo ni la mtu, na kila mtu ana alama yake ya mawe na vijiti juu ya shimo. Alama haichezewi. Hata mwizi wa kuku akiiona huipita mbali.

Tulipofika, Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, ilikuwa imebakisha siku sita. Mimi nilitaka niwe mjini kabla ya Sikukuu, na nilisema hivyo asubuhi, mchana na jioni. Siku saba za makaa zisingewezekana. Fundi alisita, nikamsukuma, akakubali kuziacha. Hiyo ndiyo nusu yangu ya kosa.

Alishuka pwani mara moja tu, akachora shimo lililokuwa karibu naye. Lilikuwa la Bi Sichana, mama wa makamo mwenye sauti ya kusikika vijiji viwili, na alama yake ilikuwa mawe matatu yaliyokaa kama mafiga na kijiti katikati. Fundi aliipenda ile alama. Ukutani akapaka mashimo kumi na tisa, kwa idadi ya wanawake wa ushirika, na juu ya kila shimo mawe matatu na kijiti katikati. Mchana wa siku ya mwisho Bi Sichana akatuletea pweza wa nazi. Tukala, tukashukuru, nikaandika jina la ushirika kwa rangi nyekundu, tukapanda gari.

Kwa macho ya mjini ilikuwa picha nzuri ya pwani. Kwa macho ya Uroa, ukuta ulikuwa unatangaza kuwa pwani nzima ni mali ya Bi Sichana, na watu walikuwa wameshaona nani aliyewapikia mafundi. Wanawake wakaacha kupeleka kamba ushirika. Darasa la kisomo cha watu wazima lililofanyika uani kwa ushirika likabaki na mwalimu na ubao wake. Bi Sichana akasusiwa hata kisimani, mwanamke ambaye hakuomba chochote na hakufanya ila ukarimu.

Habari zikafika mjini, na kwenye karakana ikaja barua ya afisa mmoja ikiagiza hivi. Ukuta wa Uroa upakwe chokaa wote, na kazi ya picha mitaani na vijijini isimame, Fundi Mkadam arudishwe kwenye milango na madirisha. Fundi aliisoma akiwa amesimama. Hakujitetea, wala hakunitaja mimi, jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Aliomba muda wa kurekebisha, akapewa siku kumi, na afisa akaahidi kuja kuukagua ukuta mwenyewe.

Tulirudi Uroa pamoja, na safari hii sikufungua mdomo kuhusu kurudi mjini. Salamu zetu ziliitikiwa kwa shida. Fundi akachukua msasa, akafuta alama zote kumi na tisa, yakabaki mashimo matupu. Kisha akakaa chini mbele ya ukuta. Siku ya kwanza hakuja mtu, na ya pili hakuja mtu. Usiku aliniambia anaogopa, na mimi nilikuwa naogopa zaidi yake.

Siku ya tatu alikuja Bi Sichana mwenyewe, akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Pwani yote umenipa mimi, fundi? Kwa pweza mmoja?" Fundi akamwomba radhi. Bi Sichana akautazama ukuta, akanyoosha mkono. "Lete hiyo brashi. Langu nnalitia mwenyewe, na shimo langu ni lile la pembeni, si hili." Akapaka mawe yake matatu kwenye shimo moja tu. Yalikuwa mawe ya kupinda, na kijiti kilichuruzika rangi mpaka chini. Fundi hakurekebisha hata nukta.

Adhuhuri walikuja wawili. Kesho yake walikuja sita, wanawake ambao hawajapata kushika brashi maishani mwao, kila mmoja akatia alama yake palipo pake, na kila mmoja akamkosoa aliyemtangulia. Ikafika siku ya nane, likabaki shimo moja. Lilikuwa la Bi Mwanakheri, aliyefariki miezi mitatu nyuma makumbi yake yakiwa bado mchangani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafukua. Wengine walisema alama ya marehemu isipakwe. Wengine walisema shimo lisipotiwa alama litaonekana halikuwa la mtu. Binti yake, Wanu, alisimama tu akitazama chini.

Fundi hakuamua. Aliiacha brashi juu ya kopo, akasema anakwenda kusali, akanichukua na mimi. Tuliporudi tulikuta duara la mawe madogo juu ya shimo lile, limepakwa na mikono miwili, maana rangi ilikuwa kwenye vidole vya Wanu na kwenye vidole vya Bi Sichana. Asubuhi yake wote walishuka pwani kumsaidia Wanu kufukua makumbi ya mama yake.

Afisa alifika siku ya kumi kama alivyoahidi. Aliwakuta wanawake saba mbele ya ukuta wakigombana kijiti cha nani kimepinda, na nyuma yao kamba zimelundikwa mlangoni. Alisimama kidogo, akaomba maji ya kunywa, akarudi mjini. Barua ile haikutajwa tena.

Mwaka huu, kila siku ya kustaafu ilivyokaribia, Fundi aliniuliza swali lile lile. Chumvi inakula rangi, mvua inabandua, na karakana haina mchoraji mwengine. Nani atazitazama kuta? Niliwauliza wakubwa, wakanijibu kwa upole kuwa watalifikiria. Fundi alikonda kwa jambo hili, na tulioko naye tuliliona.

Mwezi wa Mei ilikuja barua kutoka Uroa, imeandikwa kwa penseli kwenye karatasi ya daftari la kisomo. "Rangi ya chini imebanduka kwa mvua. Tunaomba buluu, nyeupe na brashi tano. Fundi asiletwe. Tutapaka wenyewe." Chini yake majina kumi na tisa, kila jina kwa mwandiko wake.

Fundi alipofika kwenye maneno "Fundi asiletwe" aliishusha barua, nikadhani amechukizwa. Akavua miwani, akalia mbele yetu sote, mtu niliyekaa naye miaka ishirini na moja bila kuona chozi lake. Alipomaliza akafungua kabati, akatoa brashi zake mwenyewe, zile alizokuwa haazimi mtu, akazifunga kwenye gazeti na kuniomba niandike anwani kwa herufi nzuri. Niliandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika katika kazi hii.

Fundi Mkadam, sisi wa karakana tunakushukuru kwa samaki, kwa migongo, kwa uvumilivu wako na hata kwa buluu. Mimi nakushukuru, na nakuomba radhi mbele ya wote. Mwenyezi Mungu akupe siha na umri mrefu, na nyumba yako ya Mkokotoni isikose wageni. Ukipita Uroa wala usishike brashi. Kaa kivulini uwatazame.