Bahasha Tatu za Neno la Siri

Mheshimiwa Katibu Mtendaji wa Sekta, Mama Gahongayire mwenyekiti wa ushirika wetu, Mwalimu Mugabo wa chuo, ndugu mafundi cherehani wa Rwezamenyo, na wewe Illuminée tunayekuaga, uliyekalia kiti chenye maua nilichodhani ni changu: mwiriwe, habari za jioni!

Mimi Shafiq nimeshona Bujumbura, nimeshona Mombasa, Dubai nimefuata vitambaa mara nne. Shule niliacha darasa la tano, lakini nani alisema kwanza kwamba vipimo vya wateja vikae kwenye simu zetu, ili fundi mmoja akiugua mwingine ashone? Si mimi? Illuminée aliiandika tu hiyo programu ya simu! Miaka mitatu, kila jioni akitoka kazini, bila malipo, anaandika tu. Nanyi mkaanza: "Programu ya Illuminée." Hata mke wangu!

Wivu ukanikaa kooni kama pini. Nikamwambia, "Dada, nipe neno la siri nikusaidie." Nikalibadilisha, nikabaki nalo peke yangu, nikapanda ndege. Wiki moja kabla ya Idi programu ikagoma, na neno la kuiamsha liko Dubai, kichwani mwangu, simu nimezima. Fundi mwenzetu Nizeyimana, vipimo vikiwa vimefungiwa humo, akashona kanzu ya imamu kwa kukisia. Magoti ya imamu mliyaona nyote!

Niliporudi nilingoja matusi. Illuminée akaniuliza tu, "Kaka Shafiq, ungefia huko, nani angefungua?"

Nikaifungua programu, lakini neno nikaendelea kulificha. Leo anahamia Huye. Mwalimu Mugabo ametupa chumba chuoni na walimu wawili wa kuitunza programu, lakini amesema wazi: mafundi wasipoleta mikono yao, chuo kitajitoa mwisho wa mwaka, na programu itakufa. Sisi tunaozibua mitaro kila umuganda, kazi ya jamii ya kila mwisho wa mwezi, tutakosa saa mbili baada yake, tujaribu programu, tuandike inapokosea, tufundishe wapya?

Naanza mimi. Hizi hapa bahasha tatu, neno la siri ni lile lile: moja ya Mama Gahongayire, moja ya Mwalimu, moja ya Nizeyimana. Ndiyo, wewe wa kanzu fupi, njoo! Illuminée, jibu lako ndilo hili.

Wivu bado ninao, sitawadanganya. Ndiyo maana Jumamosi ya umuganda nitafika chumbani kabla yenu wote, ili kwenye orodha ya waliojitolea, jina la kwanza liwe Shafiq. Nizuieni kama mnaweza!

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.