Seli za Mwalimu

Kwenye treni ya asubuhi, bwana mmoja wa maabara alikuwa akimfundisha fundi cherehani aliyeketi naye, bila kuombwa. "Kila seli mwilini ina siku yake ya kufa, dada. Za saratani zinagoma. Dawa yetu inaziamrisha zijiue." Fundi akamuuliza kama zinatii. "Kwenye kisahani cha maabara, zinatii vizuri sana." Kwenye kisahani, nikajisemea kwenye kiti cha nyuma yao, hata mimi ni daktari.

Fundi alikitazama kitambulisho kifuani mwa yule bwana. "Dada yangu aliwapa hapo kwenu kipande cha uvimbe wake. Mwalimu wa chekechea. Tumemzika juzi."

"Pole. Seli zake bado zi hai, tunazilisha kila asubuhi."

"Yeye hata maji yalimshinda, nyie mnamlisha muuaji wake?"

Treni ikasimama. Bwana akashuka mbio. Nadhani seli zilikuwa na njaa.