Vidole Chini ya Keki

Benchi la Merrylands, mtaa wa wahamiaji ughaibuni, nje ya jengo la maduka, lina mbao tatu na pengo la ya nne, na wanaolikalia Jumapili baada ya ibada hubishana kana kwamba wanalipwa kwa neno. Clifford, Mkenya wa kazi ya ghalani, huitwa Profesa kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kusema "sijui". Chibalonza, mama wa Bukavu anayetunza wazee, huitwa Koro, kwa kuwa akifungua kinywa ni kwaya nzima. Themosi ya kahawa ya tangawizi ni yake. Wa tatu ni mzee Akilimali, aliyebandikwa jina Kimya, na alasiri hiyo ya baridi Kimya ndiye aliyeanza. Alikuja na keki kwenye sahani, na mfuko wenye chombo chekundu cha silikoni, ile raba laini isiyoungua motoni, ambacho marehemu mkewe, Clarisse, alikuwa akiokea.

— Koro, geuza keki. Angalia chini.

Chibalonza aligeuza. Chini palikuwa na vishimo vinne vilivyopangana, kama vidole vya mtu aliyekinga chombo kwa kiganja wakati unga ungali teketeke.

— Mungu wangu! Nani amebonyeza?

— Ni kila keki, alisema Akilimali. Tangu nianze kupika mimi mwenyewe.

Profesa akacheka.

— Papa Aki, hiyo ni simple. Raba inalegea. Uliweka juu ya trei?

— Hapana. Nabebaka na mkono.

— Si ndio hiyo! Ukibeba bila trei, vidole vinasukuma chini, unga unaivia hapo hapo. Case closed. Nipeni kahawa.

Akilimali alitamani sana iwe hivyo. Asubuhi binti yake Gloire alimpigia simu akilia: maadamu chombo kile kimo nyumbani, wajukuu hawakanyagi. Walikwisha kuziona zile alama wakakataa hata kulala kwake. Kitupe leo, Papa. Na yeye nyumba bila wajukuu aliiogopa, lakini kukitupa kitu ambacho Clarisse alikishika kila wiki, hilo nalo hakuliweza.

— Basi weka mkono yako tuone, alisema Chibalonza.

Akaweka. Vidole vyake vya ujenzi havikuingia hata robo. Profesa akajaribu, wapi. Chibalonza akaingiza kidole cha mwisho tu, akakichomoa upesi kama aliyegusa kikaango.

— Na jana niliweka kwa trei, Akilimali akasema taratibu. Chini sikugusa.

Profesa akajikuna kidevu. Alikitoa chombo mfukoni, akakikunja kikaenea ngumini, akakiachia. Kikajirudi mviringo, laini, bila kovu.

— Cheki. Silikoni haishiki alama. Lakini inashika harufu, ama sio? Oka samaki leo, keki ya kesho inanuka samaki. Sasa kama inashika harufu, itashindwa aje kushika mkono? Mama Gloire alikuwa akiisukuma hapo chini akitoa keki, miaka yote. Imemrekodi. Ukiipasha moto, inamrudisha.

— Raba inakumbuka mtu?

— Manze, kila kitu hukumbuka. Leo ni vidole. Ongeza moto kidogo, utatoa kiwiko.

Aliyasema kwa mzaha, ila hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akakirudisha chombo mfukoni kwa ncha za vidole.

— Hapana, alisema Chibalonza. Ni matanga. Papa Gloire, mulitosha matanga, mulimaliza kilio?

— Bado.

— Umeona! Kwetu watu wanakusanyika, wanakula, wanavua nguo nyeusi, wanaambia marehemu: tumemaliza kulia, enda. Weye ulikatala. Badala yake unamupikia keki yake! Nani ataondoka na nyumba inanukia vile?

Akashusha sauti, akainama karibu.

— Na tena, mwenye kuitika si lazima awe mwenye uliita. Pengine hiyo si mkono ya Clarisse hata.

— Ni yake!

Kimya alipaza sauti hadi njiwa wakaruka kutoka kwenye lami. Akaweka ukucha kwenye kishimo cha tatu. Hicho kilikwenda upande, kimepinda.

— Alivunjika hii kidole kule kambi ya wakimbizi, kuni ilimwangukia. Haikunyooka tena. Nilishika hii mkono mpaka siku ya mwisho hospitalini. Mimi nisiijue?

Profesa aliinamia keki, akakitazama kishimo kile kwa karibu. Upepo ukapita kwenye pengo la ubao, ukawagusa migongoni.

Hapo ndipo alipofika Mbula, nesi mgeni kutoka Machakos, ambaye Profesa alikuwa amemwalika kijiweni. Alisalimia, akapewa kahawa iliyobaki, akasimuliwa yote. Hakucheka wala hakushtuka. Akaweka kiganja chake chini ya sahani, akaitazama keki.

— Pole sana, mzee. Lakini huo mkono unakupa, ama unakuomba?

Chibalonza akaitikisa themosi. Tupu.

Akilimali akaitazama keki upya. Siku zote hizo alikuwa akijiliwaza: Clarisse bado ananilisha. Hakufikiri hata mara moja kwamba mkono wa kutoa na mkono wa kuomba hukaa vilevile, na kwamba huenda mke wake alikuwa anamwomba kitu ambacho yeye, kwa kumpenda, alikuwa akimnyima.

Akainuka na chombo hadi kwenye pipa la taka, lililojaa makopo matupu hadi mdomoni. Akakikalisha juu ya kiganja, akanyoosha mkono.

— Pokea, Mama Gloire. Matanga imeisha. Enda salama.

Wote watatu waliona chombo kikibonyea kwenda juu katikati ya vidole vyake, polepole, mahali ambapo yeye hakubonyeza. Akalia waziwazi, mtu mzima, mbele ya watu na mifuko yao ya sokoni. Kisha akaachia.

Wakangoja kusikia kopo likigongwa. Wakangoja.

— Raba haina mlio, Profesa akaanza, lakini hakumaliza, na hakwenda kuchungulia.

Akilimali alifuta uso, akatoa simu.

— Gloire, leta batoto. Sasa niko peke yangu.