Miaka Ishirini na Tisa ya Kupigana na Umeme wa Nguo: Mzee Ildephonse Twagirimana Anastaafu

Ijumaa hii, tarehe 30 Julai 1999, Mzee Ildephonse Twagirimana atafunga karakana ya redio ya kituo chetu cha ufundi na kukabidhi funguo. Aliifungua kwa mara ya kwanza Septemba 1970. Ni miaka ishirini na tisa kasoro mwezi mmoja, ukihesabu na ile ambayo mji wetu mzima wa Gisenyi ulikuwa umefungwa kwa vita. Yeye huihesabu. Anasema hata huko alikokimbilia, ufunguo ulikuwa mfukoni.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu ninatunza ghala la vipuri, mlango kwa mlango na karakana yake. Nadhani pia wakubwa waliona kwamba mtu aliyeolewa hata wiki tatu hazijatimia hawezi kuandika jambo la huzuni. Ni kweli, nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Mume wangu Mucyo (bado napenda kuyaandika maneno hayo, mume wangu Mucyo) ni mwanafunzi wa zamani wa Mzee, na tulikutana kwenye dirisha la ghala langu alipokuja kuomba waya. Lakini naandika nikiwa na wasiwasi, na wasiwasi huo ni sehemu ya habari za Mzee.

Alianza na redio kubwa za mbao, zile zenye taa ndani. Baadaye zikaja za transista. Amefundisha wanafunzi zaidi ya mia tatu. Kipaza sauti cha kwaya yetu ni kazi ya mkono wake. Mwaka 1986 alianzisha Klabu ya Jumamosi, kwa yeyote anayependa kuunda vitu kwa kujifurahisha: taa za kuwaka na kuzima, kengele za mlango, redio ndani ya kopo la maziwa. Wamo walimu, yumo fundi baiskeli, yumo Gatete, baharia wa bandari ya Rubona hapa ziwani, ambaye mpaka leo harufu ya samaki wa sambaza humtangulia mlangoni.

Katika klabu hiyo adui ni mmoja tu, naye ni umeme tuli. Wote mnaujua. Ndio ule unaolia ti-ti-ti mtu akivua sweta la nailoni asubuhi ya kiangazi. Sisi hucheka na kujikuna. Lakini kuna vipuri vidogo, hasa zile chipu za kisasa zenye miguu minane, ambavyo huuawa na kiasi cha umeme ambacho ngozi ya binadamu haiwezi hata kukisikia. Mzee huwaonyesha wageni wa klabu kwa kusugua kitana cha plastiki kichwani, kisha kugusa mguu wa chipu iliyotolewa sadaka. Hakuna cheche wala moshi.

"Umesikia kitu?" huwauliza. "Hapana? Donc, basi, amekufa, na hakuaga mutu."

Kwa hiyo nailoni yote hubaki kwenye misumari ya mlangoni. Kijana mmoja kutoka Mudende, kuliko na baridi, alifika na jaketi la nailoni ambalo ndani yake hakuwa na kitu. Mzee hakumfukuza. Alimvika joho la kwaya la pamba, na kijana akalehemu mpaka saa sita akionekana kama anayesubiri kupewa daraja la upadre. Chipu zenyewe Mzee huzifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Yeye havuti, lakini wavutaji wote wa kituo humletea, na paroko aliyehamia hapa mwaka jana alimshauri kwa upole apunguze sigara.

Wa mezani huvaa bangili. Mzee aliitengeneza kwa mkanda wa saa na waya wa shaba. Waya hupita kwenye kizuizi kidogo cha kumlinda mvaaji, ukatoka dirishani mpaka kwenye fimbo ya chuma iliyopigwa ardhini, ili umeme wa mwilini ushuke taratibu. Lakini ardhi yetu hapa ni mawe ya volkano, na kiangazi mawe hayo hukauka yasipitishe chochote. Basi kila asubuhi ya Juni mpaka Agosti, Mzee hutoka na bidoni la maji ya chumvi na kuimwagilia ile fimbo. Kabatesi, mpishi wetu, hajawahi kumwacha apite bure.

"Muzee Ilde! Ile chuma imeota majani?"

"Bado, Kabatesi. Ikizaa nitakuletea ya kupika."

Sasa nifike kwa Mama Languida, mke wake. Baada ya ugonjwa mrefu wa mwaka 1996, masikio yake yalififia. Wengi wetu tunamsalimu kwa mikono. Mzee aliamua kumtengenezea kisikizi: maikrofoni, betri na chipu ndani ya kisanduku cha sabuni kinachoning'inia shingoni, na waya kwenda sikioni. Alitaka kimalizike kabla ya kustaafu, kwa sababu Jumamosi hii wanahamia shambani kwao Mudende, na huko hakuna karakana. Chipu ya kwanza ilikufa mkononi mwa mwanafunzi. Ya pili ilifika ikiwa imekufa. Klabu ikaamua kumpa ya tatu kama zawadi ya siri. Gatete alimwagiza dereva wa lori anayekwenda Mombasa, ikachukua wiki saba. Ikiharibika hiyo, hakuna nyingine kabla ya tarehe 30.

Ilifika ghalani Alhamisi tarehe 15 Julai, siku ya tano ya ndoa yangu.

Niseme yaliyotokea kama yalivyotokea. Ilikuja imechomekwa kwenye sponji nyeusi, mbaya kuitazama, kama kipande cha godoro kilichookotwa. Niliwaza: hii ni zawadi ya mume kwa mke wake, ataipokeaje hivi? Nyumbani zilikuwa zimebaki sashe za plastiki za kung'aa za zawadi za harusi yetu, na agaseke jipya, kile kikapu chenye kifuniko cha ncha. Nikaichomoa chipu kwa vidole. Nikailaza juu ya sponji nyeupe safi iliyotoka kwenye kasha la vikombe vyetu. Nikaifunga kwa sashe mara tatu, nikafunga utepe, nikaitia ndani ya agaseke. Begani nilikuwa na mtandio wangu wa nailoni wa siku ya harusi, maana sikuweza kuuvua wiki nzima ile. Katika kazi yangu mimi hupokea na kutoa mabunda yaliyofungwa. Masharti ya mezani nilikuwa nayasikia kama redio ya jirani. Nilimpelekea Mucyo aone ilivyopendeza.

Alifunua kifuniko, akatazama, akasimama.

"Denyse. Ile sponji nyeusi iko wapi?"

"Nimetupa. Ilikuwa chafu."

"Ile ndiyo ilikuwa inaikinga na umeme. Ulishika na mikono? Na hiyo nguo?"

Alikaa kwenye kreti, akanishika mkono. Hakunigombeza. Baadaye akasema, "Bon, tutamwambia ni mimi." Nitakumbuka sentensi hiyo tukiwa wazee. Lakini nilikataa, tukaenda wote wawili, siri ya klabu ikavunjika hapo hapo, na mimi ndiye niliyesema.

Mzee hakuligusa agaseke. Aliniuliza maswali kama daktari. Nilitembea nayo mkononi? Niliburuta miguu kwenye zulia la ofisi? Niliisugua sashe nilipoifunga? Nilijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipomaliza, akatazama picha ya Mama Languida iliyo juu ya rafu. Halafu akachukua bidoni, akatoka kuimwagilia ile fimbo.

Mucyo alitaka kuivua sashe haraka. Mzee alimzuia kwa sauti kutoka nje ya dirisha.

"Wacha! Ukiivuta kwa nguvu ndipo unaiua. Mwite Kabatesi alete birika, maji yakiwa yanachemka."

Hewa kavu ndiyo rafiki ya umeme huo. Penye mvuke hupungua. Kabatesi alikuja na birika kubwa la jikoni, likifuka kama treni.

"Muzee, huyu mugonjwa anakunywa chai ao kahawa?"

"Anakunywa hewa, Kabatesi. Simama karibu na meza, tafazali, na usicheke."

Hakucheka. Walisimama humo wakitoka jasho, madirisha yamefungwa, mimi na mtandio wangu tumebakishwa nje ya mlango. Mzee alivaa bangili. Akaliweka agaseke juu ya bati lililounganishwa na ile fimbo, akafunika kwa kitenge cha pamba chenye unyevu, akangoja. Dakika ishirini nzima alingoja. Kisha akaikata sashe kwa mkasi, kidogo kidogo, bila kuivuta, akaichukua chipu kwa kibano na kuilaza juu ya karatasi ya fedha. Sijawahi kuona mtu akishika kitu kidogo hivyo kwa heshima kubwa hivyo. Alikuwa ameshika masikio ya mke wake, na wote tulijua.

"Iko muzima?" niliuliza kutoka mlangoni.

"Sijui, mwanangu. Kwa macho haijulikani. Tutaiweka Jumatatu, sanduku likiisha. Chipu ndiyo ya mwisho kuingia."

Wikiendi ile Mucyo alinipeleka ufukweni, kama bwana harusi yeyote wa Gisenyi. Ziwa lilikuwa zuri, mkono wake ulikuwa mkononi mwangu, na mimi niliona sponji nyeupe tu. Jumapili kanisani Mama Languida alikaa mbele yetu. Kwaya ilipoimba, alitazama midomo yao ili ajue ubeti umefika wapi.

Jumatatu tarehe 19, baada ya chakula cha mchana, Mzee alivaa bangili, birika likachemka tena, na chipu ikaingizwa kwenye soketi yake mguu kwa mguu. Mama Languida alikaa kwenye kigoda katika nguo ya pamba, amri ya mume wake. Mzee akawasha. Hakuna kitu. Akageuza kitufe kidogo. Nikaona Mama amekunja uso na kushika sikio.

"Ildephonse," alisema, "nani anapumua hivi?"

Alikuwa Mzee. Alikuwa amesimama nyuma yake, amejizuia muda mrefu mpaka pumzi ikatoka kama ya mtu aliyepanda mlima. Kabatesi akapiga vigelegele, Mama akashtuka na kutuomba kwa adabu tupunguze. Mimi nililia juu ya shati la Mucyo. Ni la pamba, nilikuwa nimeangalia.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini nilipokwenda kumshukuru Mzee, aliniambia ukweli, kwa kuwa hajui kuficha jambo la kazi. Chipu iliyopigwa na umeme huo inaweza kufa papo hapo. Inaweza pia kujeruhiwa ndani, ikafanya kazi vizuri, ikaja kuzimika baada ya wiki au mwaka, bila sababu ya kuonekana. Hakuna kipimo chetu cha kuligundua jeraha hilo. "Tutasikiliza siku kwa siku," alisema, akaenda kufagia karakana.

Basi kila asubuhi, kabla ya kazi, napita nyumbani kwao. Nasimama nyuma ya ua wa miti ya miyenzi, mahali ambapo Mama hawezi kuiona midomo yangu, na namwamkia polepole sana, kama ninavyozungumza na Mucyo: "Mwaramutse, Mama." Kisha nangoja, na moyo unagonga kuliko siku ya kiapo. Leo, Alhamisi tarehe 29, ninapopeleka maandishi haya kwa mpiga chapa, ni siku ya kumi na moja ya kisikizi. Jibu limetoka ndani ya nyumba kabla sijamaliza:

"Mwaramutse, bibi harusi! Ingia, unatutishia kuku."

Mzee Ildephonse, kituo kizima kinakushukuru. Wanafunzi wako wametawanyika kila upande wa mpaka, na kila mmoja anavua nailoni mlangoni. Nendeni salama Mudende, wewe na Mama. Tunawaombea siku ya kumi na mbili, na ya mia, na zote zile ambazo hakuna mtu wa kituo atakayekuwa nyuma ya ua kuzihesabu.

Denyse Uwimpuhwe
Ghala la Vipuri