Ndugu Danieli Kalinga na Swali la "Zako Ngapi?"

Kwa niaba ya wafanyakazi wenzake: Anyitike Mwaisela, Masjala, Ofisi ya Mifugo, Mbeya

Jumamosi, tarehe 30 Juni 1979, Ndugu Danieli Kalinga anafunga daftari lake baada ya miaka thelathini na miwili ya kufuatilia magonjwa ya mifugo katika mikoa ya Iringa na Mbeya. Siku hiyo kutakuwa na soda na wali. Nyama ipo pia, na ameshauliza huyo mnyama alikufaje.

Alianza mwaka 1947 akichanganya dawa kwenye josho huko Iringa, akapelekwa Mpwapwa kusoma, akarudi Bwana Mifugo kamili. Wenzake walipenda kutibu, yeye alipenda kuuliza. Ng'ombe akifa Usangu, Kalinga alitaka kujua ugonjwa umetoka wapi, umepita malisho gani, na kesho utalala kwa nani. Ramani zake alizichora nyuma ya kalenda za mwaka uliopita na kuzichoma pini. Mkewe, Mama Matilda, ni fundi cherehani, na alikwisha kata tamaa ya kubaki na pini ndani ya nyumba. Kwa ramani hizo iligundulika kwamba kimeta kilikuwa kikirudi kila ukame kwenye malambo yaleyale matatu, na tangu hapo chanjo ikawa inatangulia vifo. Kimeta hakimwachi binadamu anayekula mzoga, ndiyo maana kwenye kila harusi huuliza mnyama alikufaje.

Ningeishia hapo, kama wasifu wa kistaarabu unavyoishia. Lakini alikuja masjala mwenyewe akaniambia kwamba nikiandika ya malambo nikaacha ya Kashindye, kwenye sherehe hatumwoni. Basi naandika, kwa moyo mzito.

Mwaka 1973 alikwenda kuchanja kimeta kwenye boma la mzee Kashindye, mfugaji aliyehamia karibu na Ubaruku kutoka Shinyanga. Aliuliza kama tulivyokuwa tukiuliza sote: zako ngapi? Kashindye akajibu arobaini. Arobaini wakatolewa, wakachanjwa. Wengine kumi na saba walikuwa malishoni. Hao walikuwa amana ya shemeji yake, Ndalahwa, aliyekuwa amekwenda kwao msibani, na mali ya mtu haichomwi sindano mwenyewe hayupo. Wiki ya tatu wakaanza kufa. Nyama ikaliwa. Regina, binti wa Kashindye, alizikwa mwezi huohuo akiwa na miaka saba.

Katika taarifa yake Kalinga aliandika: "Mfugaji alificha ng'ombe kumi na saba." Taarifa hiyo niliipokea mimi, nikaigonga mhuri, nikaenda kunywa chai. Neno "alificha" lilifika kijijini upesi kuliko barua yoyote niliyowahi kutuma. Watu wakaacha kumsalimia Kashindye. Lamboni akawa ananywesha wa mwisho, wenzake wakishaondoka. Mtu aliyefiwa na mwanawe akasemwa kwamba kamuua yeye.

Ikapita miaka minne. Kalinga alikuwa na ng'ombe wake mmoja, wa maziwa, aliyemwacha kwa dada yake Esta huko Ilula. Ofisa mwenzetu akaenda kuchanja ugonjwa wa miguu na midomo, akauliza zako ngapi, Esta akasema tatu. Ng'ombe wa Kalinga alibaki nyuma ya nyumba, na ndiye aliyeugua. Taarifa ikaja mezani kwa Kalinga: mama huyu alificha ng'ombe mmoja. Akapanda gari hadi Ilula, mkali kama pilipili. Esta alikuwa akifunga matenga ya nyanya, wala hakuinua kichwa.

"Kaka, aliuliza zangu, nikamtajia zangu," alisema. "Ya kwako ningeitoa kwa ruhusa ya nani?"

Ofisini tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Alikuja masjala akaomba jalada la Kashindye, akakaa nalo mpaka saa ya kufunga ofisi.

Ndani ya mwezi mmoja fomu zetu zilibadilika. Leo mikoa yote miwili inauliza "Wangapi wamelala hapa?", na msimu wa kwanza tu walijitokeza ng'ombe zaidi ya mia mbili ambao hatukuwahi kuwajua. Ile taarifa ya 1973 lakini hakuigusa. Aibu ilimshika miaka miwili mizima; nasema hivi kwa amri yake. Februari mwaka huu Kashindye akafariki, bado akinywesha wa mwisho.

Mwezi Mei Kalinga aliandika karatasi moja. Mafuta ya gari hayakuwepo, akapanda lori lililokuwa linafuata mpunga Ubaruku. Akamsomea mjane, Mama Leokadia. Mama yule hakulia, wala hakusema amesamehe. Alisema, "Mimi usinisomee, mimi najua. Kawasomee kule lamboni."

Akaenda. Asubuhi, makundi yote yakiwa yamefika, akasimama kwenye tuta akasoma kwa sauti. Yaliyofuata hakutusimulia yeye, alitusimulia dereva wa lori. Wafugaji walirudisha mifugo yao nyuma, mmoja baada ya mwingine, na ng'ombe wa Leokadia wakanywa kwanza.

Ndugu Kalinga, ahsante kwa maswali yote, na zaidi kwa lile ulilolisahihisha. Nenda Ilula ukapumzike. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha, na usingizi ulioukosa. Karatasi yako nimeibandika juu kabisa ya jalada, ili mtu asilifikie lile "alificha" kabla hajasoma maneno yako mawili: "Hakuficha. Sikuuliza."