Samaki wa Mansoor Waliotafuta Pumzi

Wasikilizaji wapendwa, asalaam aleikum. Leo tunamkumbuka Mansoor Hatim, fundi saa wa Mkunazini, aliyetutoka Jumatatu. Fundi saa, narudia, ingawa wengi mlimjua kwa samaki wake.

Mwaka 1951 Mansoor alikuwa amefiwa na mkewe. Alibaki na binti mmoja, Gulshan, wa miaka tisa, mgonjwa wa pumu. Ili mtoto apate cha kutazama kitandani, alimjengea sanduku la kioo, akalijaza maji ya mvua. Kwanza alitandaza mchanga mweupe wa pwani ya Chukwani. Majani ya majini aliyoyapanda yote yakanyauka. Akenda Kidichi, akarudi na mchanga wa kijitoni, majani mapya na visamaki saba. Safari hii yalishika, yakasitawi hata ndani pakawa kichaka.

Alfajiri moja samaki wote saba walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakifungua na kufumba. Na kitandani Gulshan naye, mdomo wazi, kifua kinalia. Mansoor, aliyezoea kusikiliza saa, akagundua jambo: pumzi za samaki na za mtoto zilikuwa zikienda sawa. Sawasawa kabisa.

"Baba," Gulshan akasema, "wakifa hawa na mie nnakufa."

Bi Mwanakheir, jirani aliyemlea mtoto, hakuwa na shaka. "Huyo pepo wa maji, Mansoor. Umemtoa kwao bila ya kumuomba ruhusa."

Wakafunga madirisha. Wakalifunika sanduku kwa kanga. Wakafukiza ubani. Kesho yake samaki wawili walikuwa wamekufa, na midomo ya Gulshan imepiga weusi. Wakazidisha ubani. Siku ya tatu walibaki samaki watatu tu.

Mansoor aliinua kanga, akaona moshi umelala juu ya maji. Aliogopa, wapendwa. Lakini fundi ni fundi: kisichokwenda hukifungua. Akatoa chetezo nje, akafungua madirisha yote, akang'oa nusu ya majani yaliyolibana sanduku.

"Unamuua mtoto!" Bi Mwanakheir akalia.

Naye hakujua kama ni kweli. Alikaa mbele ya kioo, kakipa kitanda mgongo. Jua lilipopanda, samaki mmoja akateremka chini. Kisha wa pili.

Gulshan, leo mama wa watoto wawili, ametwambia: "Baba alinambia, alipoteremka yule wa tatu, kifua changu kilinyamaza. Akakaa kitambo kirefu, hana ubavu wa kugeuka kunitazama. Nilikuwa nimelala tu."

Kwa nini walikwenda sawa? Mansoor hakupata jibu mpaka anaingia kaburini, na sisi hatunalo.

Tunampa pole Gulshan. Tunampa pole Bi Mwanakheir, aliyefanya yote kwa mapenzi. Nasi tujiulize: nani nyumbani mwetu anatafuta pumzi, na sisi, kwa kumpenda, tunamfungia madirisha? Mansoor alifungua huku anaogopa. Mwenyezi Mungu amrehemu.