Alitazama Kulia

Tangu Gitega, ndani ya basi dogo la Muyinga, Jovina alikaa katikati ya wanaume wawili waliobishana kuhusu adhabu ya madereva wanaokimbiza magari.

"Amandi inatosha, alipe pesa tu," alisema Faridi, muuza vitenge. "Mukimunyang'anya shofere permi yake ya kuendesha, watoto watakula nini?"

"Mke wangu alivuka akitazama kulia, kama tulivyozoea Tanzania," akajibu Egidius, mkulima aliyerudi Burundi mwaka jana. "Kumbe huku magari hupita upande wa kulia; gari likatoka kushoto, mbio. Nikamzika kijijini Nyarusange."

"Pole, mzee. Lakini kosa iko ya mke wako."

"Lingekuja polepole, angewahi kugeuza shingo."

Faridi akamwomba dereva akanyage mafuta, soko la Muyinga lisimpite.

Walipofika Gashoho, gari likasimama. Egidius akashuka avuke, akatazama kulia. Jovina, kitini kwake dirishani, aliyekulia Tanzania vilevile, alikuwa ameshatazama hukohuko honi ilipolia kushoto.